Injini Mpya Katika Pikapu Kuukuu: Nani Ataweka Saini?

Anayetoka Mnara wa Saa akaishika Barabara ya Nkrumah kuelekea Gerezani, akaacha nyuma yake majumba ya kale ya Mchafukoge yenye majina ya wenyewe na miaka ya kujengwa yaliyochongwa juu ya milango, hukutana na bidhaa isiyopangwa dirishani wala kufungwa kwa karatasi ya kupendeza. Bidhaa hiyo ni injini. Hulazwa juu ya vipande vya mbao, zimevishwa nailoni, nyaya zimekatwa, mabomba yamezibwa kwa matambara, nyingine zikiwa zingali zimeshikamana na giaboksi zake kama zilivyong'olewa huko Japani. Mbele yake huwa amesimama mtu mwenye karatasi mkononi. Katika karatasi hiyo fundi wake amemwandikia herufi na tarakimu chache, 3L, 5L, 1KZ, TD27, naye huzisoma kwa sauti kama mgonjwa asomavyo jina la dawa aliyoandikiwa na daktari.

Watu hao ni wengi, na sehemu kubwa yao si matajiri. Ni walimu, maofisa ugani, wauguzi, makarani wa halmashauri na wastaafu wa kila daraja: watu wenye pikapu iliyoundwa miaka thelathini au arobaini iliyopita, ambayo chasisi yake ni nzima, bodi yake inafaa, lakini injini yake imekwisha. Kununua gari jingine hawawezi. Wanachoweza ni kununua injini iliyotoka katika gari la miaka ya karibuni zaidi na kumkabidhi fundi aifanye ikae mahali ambapo haikukusudiwa kukaa. Kazi hiyo ni ya uhandisi, ingawa hufanywa juani, na matokeo yake ni gari ambalo hakuna kiwanda chochote duniani kilichopata kulipima. Gari hilo huingia barabarani pamoja na mabasi ya wanafunzi na mikokoteni yetu, na mara nyingi mno huingia bila mtu yeyote kuweka saini yake kwamba liko salama.

Sisemi haya kwa kusikia. Mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu, analima kabichi na karoti huko Mgeta, katika milima ya Uluguru. Ana pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1986, aliyoinunua katika mnada wa magari yaliyochakaa. Ilikuwa na injini ya petroli isiyozidi lita mbili. Ikipanda kutoka Sangasanga na mifuko ya mbolea ilikuwa ikihema kama mzee apandaye ngazi, na kila safari moja ilikunywa mafuta ya faida ya magunia kadhaa. Mwaka 2022 injini ikaanza kula oili, kisha ikafa kabisa. Mjomba akachukua sehemu ya mafao yake ya kustaafu, akaja Dar es Salaam, nami nikapewa kazi ya kumwongoza mjini.

Fundi tuliyempata alilizunguka gari mara mbili, akalala chini akaligonga chasisi kwa nyundo ndogo mahali pengi, akainuka akijipangusa.

"Mwalimu," akamwambia mjomba, "mifupa ya gari lako ni mizima. Moyo ndio uliochoka."

Akashauri injini ya dizeli aina ya 1KZ, lita tatu, yenye tabo, iliyokuwa imetoka katika gari la Hilux Surf. Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1993. Kwa Japani si mpya tena, maana kiwanda chake kilihamia kizazi kingine cha dizeli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kwa pikapu ya mwaka 1986 huo ni ujana mtupu: nguvu yake inakaribia mara mbili ya ile iliyotolewa, na matumizi yake ya mafuta mlimani ni ya kumpa mkulima usingizi.

Nilikaa pale siku nne. Msomaji ambaye hajapata kuiona kazi hii asidhani kwamba ni kufungua bolti na kufunga bolti. Injini mpya ni nzito kuliko ya zamani na ni ndefu kuliko nafasi yake. Mahali pa kuikalisha pakakatwa, pakachongwa vipande vingine vya chuma kwa kupimia boksi la karatasi, vikachomelewa, vikajaribiwa, vikakatwa tena. Giaboksi ilipokaa, mkono wa gia ukatokeza mahali pasipo na tundu. Sakafu ikatobolewa upya. Propela shafti ikawa ndefu mno, ikapelekwa kwa mkereza vyuma mtaa wa pili ikafupishwa, kisha ikazungushwa katika mashine na kupimwa uwiano wake, kwa sababu shafti iliyofupishwa bila kupimwa hutetemeka hata ikavunja beringi na kuhatarisha giaboksi nzima. Ikaja habari ya nyaya. Injini za dizeli za zamani zilihitaji waya mmoja wa kuzimia na basi. Hii ya 1KZ pampu yake ya mafuta huamriwa na kisanduku cha umeme, ambacho nacho hutaka kuelezwa na vidude vingi joto la maji, mwendo wa injini, na mahali ulipo mguu wa dereva. Aliyetuuzia injini alikuwa ameweka kisanduku hicho pembeni akitaka kukiuza peke yake. Fundi wetu hakuzozana naye. Alikataa tu kuinua injini mpaka kisanduku na furushi la nyaya zake viwekwe juu yake. Kijana wa umeme, ambaye elimu yake iliishia darasa la saba, alizipanga nyaya zile juu ya mkeka siku nzima, akizifuata moja moja kwa kidole kama mtu anayesoma msahafu.

Mimi nina shahada. Nilijiona mdogo mbele ya mkeka ule.

Siku ya nne jioni injini ikawaka, mjomba akapiga makofi, na vijana wa jirani wakaja kuisikiliza. Jina la Mchafukoge, wasemavyo wenyeji, lamtaka aliye mchafu aende akaoge. Jioni ile sote tulistahili kuliitikia.

Sasa nieleze jambo ambalo watumiaji wengi wa magari, wakiwamo madereva wa miaka mingi, hawalijui, na ambalo ndilo lililonifanya niandike. Injini ya petroli ina kilango kinachoizuia hewa isiingie pale dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikiendelea kuzunguka nyuma ya kilango kilichofungwa, hufyonza kwa nguvu. Mfyonzo huo hufanya kazi mbili. Hulizuia gari lisikimbie kwenye mteremko, na hupelekwa kwa mpira hadi katika bakuli la chuma lililo nyuma ya pedali, liitwalo busta, ambalo humsaidia dereva kukanyaga breki. Injini ya dizeli ya kawaida haifyonzi hivyo. Kwa hiyo hulizuia gari kwa uchache zaidi kwenye mteremko, na ili breki zake ziwe nyepesi lazima iwe na pampu yake ndogo ya kufyonza hewa, na mpira wa pampu hiyo ufikishwe salama katika busta. Ukiondoa petroli ukaweka dizeli, umegusa breki za gari hata kama hukulala chini ya gurudumu hata moja.

Katika pikapu ya mjomba pampu ilikuwapo. Mpira uliotumika ulikuwa ule ule wa zamani, umekauka, umefungwa kwa waya.

Ulistahimili majuma matano. Katika juma la sita, pikapu ikiteremka kutoka Mgeta imejaa kabichi, mpira ukachomoka kwenye kona. Mjomba anasema pedali iligeuka jiwe. Alikanyaga kwa miguu miwili. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, na mwishowe akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima kwa makusudi, maana upande wa pili ulikuwa bonde. Kijana aliyekuwa amekaa juu ya mzigo aliruka akavunjika mkono. Mjomba alitoka mzima, lakini hata leo hawezi kuisimulia habari hiyo mfululizo. Hufika katikati akanyamaza, akauliza habari za shule.

Nilirudi kwa fundi nikiwa na hasira, na nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha andika kichwani mwangu makala nyingine kabisa, ya kumlaani yeye na wenzake wote. Hakukimbia wala hakukana. Aliniambia kwamba mpira ule aliuona, akamweleza mwenye gari kuwa unafaa kubadilishwa, mwenye gari akasema fedha zimekwisha na ana zamu ya kupakia kesho yake, naye fundi akakubali kwamba utafika mwezi. Nikampigia mjomba simu. Akasema ni kweli tupu.

Hapo hasira ikakosa mahali pa kutua. Fundi alijua na akaonya. Mwenye mali aliambiwa, akapima mfuko wake, akaamua. Wote wawili walifanya kama watu wengi wangefanya. Aliyekosekana ni mtu wa tatu, asiye na gari wala asiyengoja malipo ya kazi, mwenye uwezo wa kusema: gari hili halitoki leo.

Yafaa tukumbuke ufundi huu ulikotoka, kwa sababu namna ulivyozaliwa ndiyo iliyoufanya uishi pembezoni mwa sheria. Haukuja na makontena ya magari ya mitumba. Ulizaliwa katika shida. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake tukapigana vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, kuanzia Oktoba 1978. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka. Wazee wanazikumbuka Jumapili ambazo magari ya binafsi hayakuruhusiwa kutembea baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Katika hali hiyo spea isiyopatikana ilikerezwa, na isiyoweza kukerezwa ilitolewa katika gari jingine. Mafundi wetu walijifunza kwamba gari si kitu kimoja kilichoshushwa kutoka mbinguni. Ni vyombo vingi vilivyokubaliana, na vyaweza kukubalishwa upya.

Lakini wakati huo huo kazi zao zilitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye stoo ya spea aliweza kuulizwa alizipata wapi. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ambayo ilimtaka kila mtu mjini aonyeshe kazi inayotambulika, na kijana mwenye spana mkononi chini ya mwembe hakuwa na barua ya mwajiri. Mwaka 1984 milango ya kuingiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe ilipofunguliwa, spea zilirudi, kisha miaka ya 1990 yakaja magari ya Japani yaliyokwisha tumika, na injini zake baadaye. Bidhaa ikahalalishwa. Fundi akabaki pale pale chini ya mwembe.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani, sasa ni ofisa katika wizara moja, ananiambia kwamba nayapoteza maneno yangu. Kwake yeye dawa ni moja: magari makuukuu yaondolewe barabarani, na mchezo wa kubadili injini upigwe marufuku. Anataja moshi, anataja ajali, anataja heshima ya jiji. Ndugu huyu hana nia mbaya, na hoja zake mbili za kwanza ni za kweli. Dizeli iliyochoka ni sumu kwa mapafu ya watoto wetu. Hata hivyo moshi hautokani na umri wa chasisi. Hutokana na nozeli zilizokwisha na mafuta machafu, na katika mafuta Taifa hili limekwisha onyesha kwamba likitaka laweza. Wauzaji walipokuwa wakichanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuziua pampu za watu, mamlaka ya EWURA ilianza mwaka 2010 kuyawekea mafuta alama ya siri ya kuyatambua, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hata uchanganyaji ukakosa faida. Nchi za Afrika Mashariki nazo zikakubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni kuanzia mwaka 2015. Hayo ni mambo magumu kuliko kukagua mpira wa breki.

Na marufuku yenyewe itamkuta nani? Mwenye gari jipya haimhusu. Itamkuta mkulima wa Mgeta, mwalimu wa Kilosa, mwenye duka la dawa huko Ifakara. Wao hawataacha kubadili injini. Wataibadili usiku, kwa fundi aliye tayari kuficha, na huyo aghalabu si fundi bora.

Tukitazama nje, twaona kwamba jambo hili si la ajabu wala si la maskini peke yao. Kuba, iliyowekewa vikwazo na Marekani mwaka 1962, imeyatunza magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 kwa kuyatia injini za kutoka Urusi na za dizeli za kila asili, na magari hayo yamekuwa usafiri wa umma jijini Havana kwa vizazi. Katika Ujerumani, nchi yenye viwanda vya magari kuliko wengi, mtu anaruhusiwa kubadili injini ya gari lake. Lakini gari hilo haliingii barabarani mpaka mkaguzi aliyeidhinishwa aridhike na breki, moshi na uimara wake, na badiliko hilo liandikwe katika hati za gari. Hawakukataza kazi. Waliiwekea mwisho unaojulikana. Na kwa ndugu zetu wa Ghana, katika mji wa Kumasi, kuna mtaa mkubwa wa mafundi uitwao Suame, ambao ni Gerezani ya huko. Chuo Kikuu cha mji huo hakikungoja mafundi wapande mlimani kwenda kwake. Mwaka 1980 kilifungua karakana yake katikati ya mtaa ule, kikaweka mashine za kukereza, kikawafundisha mafundi pale pale walipo.

Sisi nasi hatuna uhaba wa vyombo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Huko Kibaha upo mradi wa Nyumbu, uliobuniwa ili Watanzania waunde lori lao wenyewe. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo tangu mwaka 1975, VETA tangu mwaka 1994. Karibu na Mchafukoge na Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu, ipo Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo siku hizi inabadili magari ya petroli yatumie gesi asilia. Mfano huo wa gesi natamani uangaliwe vizuri. Hakuna mtu mwenye akili anayekubali mtungi wa gesi ufungwe nyuma ya kiti chake na mtu asiyejulikana, bila kipimo wala karatasi. Twaona hatari kwa sababu mtungi waonekana na gesi hulipuka. Injini ya lita tatu iliyowekwa mbele ya breki za gari la lita mbili hailipuki, ndiyo maana twaiacha ipite.

Nina neno pia kwa wenye ofisi, ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu. Ingia katika uwanja wa nyuma wa halmashauri nyingi, nyuma ya jengo la ujenzi au la kilimo, utayaona: Land Rover na Land Cruiser zimekalishwa juu ya mawe, namba za STK na SM zimefifia, nyasi zimetokeza katika sakafu. Yakikaa miaka kadhaa huuzwa kwa mnada kwa bei ya chuma. Anayelinunua huliburuta hadi mjini, hulitia injini, na baada ya mwezi mmoja utalikuta linapakia mkaa au saruji na kulipa ada za shule za watoto wake. Kwa maneno mengine, gari ambalo Serikali yenye mafundi wake wa TEMESA ililiona ni mzoga, raia mmoja mwenye fundi wa mtaani aliliona ni gari. Mmoja wao alikosea hesabu. Sidai kwamba kila gari la aina hiyo lafaa kufufuliwa. Chasisi iliyooza haitibiki, na gari lililopinduka liachwe lipumzike. Ninachodai ni kwamba kamati inayotia saini ya kuuza iandike kwanza ni nini hasa kilichokufa. Kama ni injini peke yake, bei ya kuibadili iwekwe kando ya bei ya gari jipya, na wajumbe waitazame kabla ya kunyanyua kalamu.

Wapo watakaouliza habari ya wizi. Ni swali la haki. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini pamoja na namba ya chasisi, na injini inayobadilishwa bila kuandikishwa ni mlango wazi kwa mwizi: huchukua injini ya gari lililoibwa Tabata akaiweka katika pikapu ya mtu mwema asiyejua kitu. Mjomba alikuwa na risiti ya dukani, na nilihakikisha ni ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya injini juu yake. Lakini kadi yake, hadi siku ya ajali, ilisema kwamba gari hilo ni la petroli. Askari waliomsimamisha njiani waliona stika ya ukaguzi, wakaona taa zinawaka, wakamruhusu apite. Bima yake nayo ilikuwa imekatwa kwa gari ambalo halikuwapo tena. Laiti kijana yule angevunjika zaidi ya mkono, sijui tungeanza kuzungumza na nani.

Ninavyoona mimi, dawa haihitaji wizara mpya wala semina ya siku tano hotelini. Inahitaji karatasi moja. Karatasi hiyo ieleze injini imetoka wapi na namba yake. Uzito na nguvu yake zikilinganishwa na ile ya kwanza. Mahali ilipokalishwa pamechomelewa na nani. Rejeta ni ya injini ipi (maana 1KZ iliyopewa rejeta ndogo ya petroli huchemka, na ikichemka silinda hedi yake hupasuka, jambo linalojulikana na kila fundi wa Gerezani na karibu hakuna mnunuzi anayelijua). Propela imepimwa au haikupimwa. Na breki, busta na mipira yake vimekaguliwa na nani. Fundi aitie saini. Mkaguzi alijaribu gari likiwa na mzigo, kwenye mteremko halisi, naye aitie saini. Ndipo kadi ibadilishwe, kwa ada ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa, kwa siku moja, katika dirisha moja. Ada ikiwa kubwa, au dirisha likiwa matatu, watu watalikwepa, na tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Kuhusu saini ya fundi, VETA tayari ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa na kumpa cheti cha kile anachokijua. Utaratibu huo upelekwe Gerezani, mlangoni mwa mafundi, kama walivyofanya wa Kumasi. Yule kijana wa nyaya asiitwe chuoni kuandika insha juu ya umeme. Apewe mkeka wake na furushi la nyaya, na mtahini akae kando na saa. Nawaomba pia walimu wa shule zetu za sekondari za ufundi, za Ifunda, Moshi, Tanga na kwingineko, wafikirie kuwapeleka wanafunzi wao kule wakati wa likizo. Watajifunza mambo mawili ambayo ubao haufundishi vizuri: namna ya kupima kitu ambacho hakina kitabu chake, na namna ya kumwambia mteja maskini neno ambalo hataki kulisikia.

Hilo la pili ndilo gumu. Nilipomuuliza fundi wetu angefanya nini siku ile kama angekuwa na karatasi ya namna hiyo mbele yake, alifikiri kwa muda mrefu akiifuta spana yake. Kisha akasema kwamba angemwonyesha mwalimu mahali pa saini, akamwambia: hapa siwezi. Akasema mteja hugombana na fundi, lakini na karatasi hagombani.

Pikapu ilirudi Gerezani juu ya lori. Mpira mpya ulifungwa kwa vibano viwili, rejeta ikabadilishwa, na breki za nyuma zikafunguliwa zote. Fundi hakutoza kazi ya mikono. Kijana aliyevunjika mkono amepona na amerudi kupakia, ila sasa hukaa mbele. Mjomba atakuja tena mjini kabichi zikishatoka, safari hii kwa ajili ya kadi. Amenituma nimuulizie ni dirisha gani.